Trela Iliyopakiwa Kama Mtumbwi

Nimechoka kuwaambia watu. Hazipiti siku nyingi sijaona gari dogo likikatiza hapa Garsen linavuta trela, na mzigo wote mzito umerundikwa nyuma kabisa, mbele hakuna kitu ila mkeka na kuku wawili. Mimi nikiwa nimekaa barazani hupiga kelele: "We kijana! Sogeza magunia mbele!" Naye hunipungia mkono, anadhani namsalimu. Haya, nenda salama. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na barabara ya Malindi ni sehemu ya ulimwengu.

Mimi ilinifunza miaka ile ya hamsini, nilipokuwa dereva wa mwenye duka mmoja hapa. Barabara ilikuwa udongo mtupu. Kiangazi unakula vumbi mpaka unasikia mchanga kwenye meno. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unashika magurudumu, gari haliendi mbele wala halirudi nyuma, na Garsen inakatika na watu wote mpaka ardhi ikauke. Tajiri wangu hakuwa na lori. Alikuwa na motokaa ya kubebea watu, ya viti vya mbele na vya nyuma, na trela ya magurudumu mawili aliyoundiwa Mombasa kwa ekseli ya lori bovu. Trela ile ilikuwa nzito hata kabla haijawekwa kitu. Kuivuta kwa motokaa ile ilikuwa kumtwika punda mzigo wa ngamia, na punda mwenyewe ni mimi.

Watu wanaona kuendesha ni kukaa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Ukivuta trela hukai. Unashika breki mapema kabla mwenzako hajafikiria kushika, maana kile cha nyuma hakina breki, kinakuja kwa uzito wake. Ukikata kona unaipanua, usije ukapandisha gurudumu la trela kwenye kisiki. Kila unaposimama unashuka kutazama pini inayounganisha trela na gari, na ule mnyororo wa pembeni uliowekwa ili pini ikikatika trela isikuage. Jioni mabega yalikuwa yakiniuma hata kushika kikombe cha chai ni kazi. Nilikuwa kijana, lakini uchovu ule bado ninao. Mkiniona nainuka kwa kushika kiuno, ndiyo trela ile.

Sasa, mke wangu alikuwa mtu wa Kinakomba, huko juu, watu wanaolima kandokando ya mto. Mimi mtu wa Kipini. Alikuwa amechukua mimba mara mbili, na mara zote mbili mtoto hakufika. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Ya tatu ilipoingia, alikwenda kwao kama ada ilivyo, akatunzwa na mama yake, na tumbo likakua kuliko yale mengine yalivyokua. Dresa wa zahanati alipomwona alisema maneno mawili tu. La kwanza, apelekwe hospitali ya Malindi, akalazwe huko mpaka ajifungue, na aende kabla mvua haijafunga njia. La pili, njiani asitikiswe.

Asitikiswe! Kwa barabara ile! Nilicheka kwa hasira nilipoletewa habari hiyo. Lakini sikuwa na njia nyingine, nikaenda kumwomba tajiri wangu gari.

"Chukua," alisema. "Ila trela iende na mzigo. Gari langu haliendi Malindi tupu."

"Mke wangu hali yake si nzuri, bwana. Trela inarusha gari."

"Kwani nimekataa asipande? Viti vyote vya nyuma ni vyake."

Nikapokea ufunguo. Ndivyo tulivyokuwa, unapewa na huku unanyimwa, na bado unashukuru.

Mkwe wangu ndiye aliyemleta binti yake kutoka Kinakomba, kwa mtumbwi, wakiteremka na mto siku kadhaa. Niliwapokea pale chini penye pantoni, kile kivuko cha magari, mitumbwi inapofunga. Mzee alikuwa mrefu, mkavu, mikono imekomaa kwa pondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi. Katikati ya mtumbwi alikuwa ametandika majani ya migomba, juu yake mikeka, na mke wangu alikuwa amelala hapo usingizi mzito, mdomo wazi, mtumbwi umeshagusa ukingo naye hana habari.

"Maji hayakumrukia hata kidole," mzee alisema. Aliwaambia wachukuzi waliosimama pale. Hakuniambia mimi.

Si kwamba alinichukia. Kwa watu wake, mkwe na mkwe hawasemeshani ovyo. Mkwe hatazamwi usoni, hapingwi, na ukiwa na neno unalipitisha kwa mtu mwingine hata kama mmesimama mnagusana mabega. Kwetu Kipini pia tuna heshima ya mkwe, lakini si kwa kiasi kile. Tangu nioe, mzee yule alikuwa hajaniambia neno moja la moja kwa moja. Salamu zenyewe zilipitia kwa mke wangu. Nilizoea. Heshima si utumwa, nikajiambia.

Mzigo wa tajiri ulikuwa umeletwa palepale ukingoni: magunia ya mpunga, ngozi za ng'ombe zilizokaushwa, vikapu vya samaki wakavu kutoka Ozi, na mikungu ya ndizi. Mimi nilikuwa nimeingia chini ya gari kukaza nati ya springi. Nilipotoka, huku nikijifuta grisi, nikakuta mzee ameshashika usimamizi. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa amesimama ndani ya trela na wachukuzi wanampa vitu, naye anavipanga kwa makini, kila kitu na mahali pake. Mpunga wote nyuma kabisa. Mbele, karibu na gari, ameweka ndizi na vikapu vya samaki.

Lo!

Alikuwa amepakia mtumbwi. Mtu wa mto huweka kizito tezi, yaani nyuma, ili omo, ile pua ya mbele, iwe nyepesi, ipande juu ya mchanga na isichote maji. Hiyo ni sahihi kabisa mtoni. Lakini trela ina ekseli moja katikati, inalala juu yake kama mzani. Ukiweka kizito nyuma, nyuma inashuka, mbele inapanda na kunyanyua matako ya gari. Magurudumu ya nyuma ya gari yanakuwa hayashiki ardhi vizuri, na ukiongeza mwendo kidogo tu ule mkia unaanza kucheza. Ukishaanza kucheza, aliye nyuma ndiye dereva, si wewe.

Mke wangu alikuwa ameshapandishwa kwenye kiti cha nyuma, amelazwa ubavu. Nikainama dirishani.

"Mwambie baba magunia yaje mbele."

"Baba," alisema kwa sauti ya kuchoka, "mwenzangu anasema magunia yaje mbele."

"Nimesikia. Kwani mimi kiziwi?" Mzee hakugeuka. "Mwambie mumeo, chombo omo ikiwa nzito kinazama. Nimeanza kupakia yeye hajaota meno."

Wachukuzi wakaitikia, wote wana wa mto, wote wakaniangalia mimi kama mtu wa kuhurumiwa. Mmoja akasema, "Ujuzi hauzeeki, mzee." Nikashika gunia moja nikalivuta mbele. Mzee akalirudisha, taratibu, bila kunitazama. Nikamwambia mke wangu amwambie trela si sawa na mtumbwi. Mke wangu akamwambia. Mzee akamwambia mke wangu aniambie kwamba yeye amemleta kutoka Kinakomba akiwa amelala, na je, mimi naweza kufanya hivyo? Maneno yakawa yanapita juu ya mgonjwa, yanakwenda, yanarudi, na sisi wawili tumesimama hatua moja.

"Jamani!" mke wangu akasema mwishowe, na machozi yamemlenga. "Nyamazeni nyote. Mimi nimechoka. Nipelekeni."

Ningefanya nini? Nikafunga kamba, nikatazama pini, nikatazama mnyororo, nikaingia kwenye usukani. Mzee alikaa mbele pembeni yangu, uso ameuelekeza dirishani ili asiniangalie.

Mwanzo tulikwenda polepole sana, na kwa mwendo ule trela ilivumilia. Usukani niliusikia si wangu, gari linanyanyuka nyuma kila tukipita shimo, lakini nililishika. Ng'ombe wa Waorma wakikatiza njia nilikuwa nasimama mbali, nangoja wa mwisho apite. Kila shimo nililoliona nilimwambia mke wangu, "Shimo hilo," naye anashika kiti. Tulikwenda hivyo mpaka jua likawa kali. Halafu nikaona mawingu upande wa bahari, meusi, yamejaa. Mvua ikitukuta kwenye udongo ule hatufiki Malindi siku hiyo wala siku ya pili, na mke wangu angejifungulia porini mikononi mwa wanaume wawili wasiosemeshana.

Tulifika mahali njia imenyooka, udongo mgumu, hakuna mashimo. Nikaongeza mwendo kidogo. Wallahi kidogo tu.

Kwanza nilisikia kiti changu kinasogea chini yangu, kushoto, kulia. Nikatazama kwenye kioo. Trela ilikuwa inatikisa mkia, na kila ikienda upande mmoja inalivuta gari, ikirudi inalivuta zaidi. Mtu asiyejua hukanyaga breki hapo. Ukikanyaga breki umekwisha, ile ya nyuma inakusukuma na mnajikunja pamoja. Nikaondoa mguu kwenye petroli, breki sikugusa, nikashika usukani kwa mikono miwili na kuunyoosha, sikuufuata. Gari likaendelea kuchezeshwa. Mke wangu alipiga ukelele mmoja, halafu hakupiga tena, na huo ukimya ndio ulionitisha. Mzee ameshika dashibodi, anasoma dua. Mwendo ukapungua, ukapungua, mkia ukatulia, tukasimama gurudumu moja likiwa nje ya njia kwenye nyasi.

Niligeuka. Mke wangu alikuwa amejikunja, mikono miwili tumboni, uso umemlowa jasho.

"Linakaza," alisema. "Tumbo linakaza."

Sijui niliruka vipi. Nilijikuta nimesimama nje, upande wa mzee, nimefungua mlango wake, nami namtazama usoni, yule ambaye sikuwahi kumtazama.

"Baba, hii si mtumbwi!" nilipiga kelele. "Hii haibebwi na maji! Mkia wake ukiwa mzito inakuburura inakotaka! Nimekwambia pale, umenikatalia! Unaniulia mtoto, baba! Huyu wa tatu huyu!"

Nilisikia maneno yangu mwenyewe na nikajua nimefanya jambo ambalo kwao mtu anaweza kunyang'anywa mke kwa ajili yake. Na sikujali. Nilikuwa nimechoka, nimechoka na tajiri, na trela, na heshima inayomfanya mtu aone hatari akanyamaza.

Mzee alishuka. Alikwenda dirisha la nyuma akamtazama binti yake, akamshika paji la uso. Kisha akazunguka akasimama mbele yangu na akaniangalia.

"Fungua," alisema.

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe tangu nioe binti yake.

"Nifungue nini, baba?"

"Fungua hiyo trela. Nenda na mwanangu. Mzigo nitakaa nao."

Nikazuia magurudumu ya trela kwa magogo, nikafungua mnyororo, nikapiga pini itoke. Ilipotoka tu, ule mkono wa chuma wa mbele ya trela uliruka juu, ukapita mbele ya kidevu changu, nyuma ya trela ikashuka ikapiga ardhi, na magunia mawili yakaviringika mpaka kwenye nyasi. Trela ikabaki imekaa kitako, pua yake inaangalia mbinguni.

Mzee aliitazama muda mrefu. Aliweka kiganja mdomoni.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ndivyo."

"Hapa kuna simba, baba," nilimwambia.

"Nenda."

Nilimwachia kibuyu cha maji, panga, kiberiti na mihogo ya kuchemsha tuliyokuwa nayo. Nikaondoka. Gari bila trela lilikuwa jepesi hata nikaliogopa. Nilikwenda kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai, na kila mara namuuliza mke wangu, "Vipi?" naye anasema, "Bado," na mara moja akasema, "Usiniulize tena, tazama njia." Hata katika hali ile alikuwa na ulimi wake. Mvua ilikwenda kunyesha kwingine, Mungu ni mkubwa. Tulifika Malindi jua linapungua, wakamchukua kwa machela, nami nikasimama ukumbini sijui pa kuweka mikono.

Muuguzi mmoja akatoka. "Mtoto yumo na yu hai," alisema. "Kidogo tu mngechelewa. Atalala hapahapa, hainuki. Wewe nenda kapumzike, unanuka petroli."

Nilikwenda kwa shangazi yangu aliyekuwa akikaa Malindi, nikamweleza, akachukua leso yake akaenda kukaa na mke wangu. Mimi nikaanguka juu ya mkeka na viatu vyangu.

Asubuhi nilirudi kumtafuta mzee. Njia nzima nilikuwa nikiwaza nitakuta nini. Nilikuta moto unafuka, wachungaji wawili wa Kiorma wamechuchumaa pembeni na kibuyu cha maziwa, na mzee amesimama ndani ya trela, kifua wazi, vumbi la mpunga limemganda mwilini. Trela ilikuwa imenyooka, mkono wake wa chuma umelazwa juu ya gogo.

Mchungaji mmoja alinipokea akicheka. "Hii mzee hapana lala," alisema kwa Kiswahili chao. "Yeye natoa gunia, narudisha gunia. Natoa tena. Sisi nasema, mzee, wewe nafanya nini? Yeye hapana jibu."

Mzee aliteremka. Nilijua anachotaka kujua, na nilijua kwamba kwa mila zao mambo ya tumbo la binti yake hawezi kuniuliza mimi, mimi wa mwisho kabisa. Alikuja mpaka karibu. Akaniangalia machoni.

"Mtoto?" akauliza.

"Yumo, baba. Yu hai. Mama yake amelazwa, hana neno."

Akasema alhamdulillahi, akakaa chini palepale kwenye vumbi, akainamisha kichwa na mabega yakawa yanamtikisika. Wachungaji wakatazama ng'ombe wao. Mimi nikakaa karibu naye.

"Nimemleta kutoka Kinakomba kwa maji," alisema baadaye. "Hakuamka. Halafu nikataka kumuua nchi kavu, kwa mikono yangu."

"Usiseme hivyo, baba. Mimi ungenipa mtumbwi wako ningewazamisha nyote palepale pantoni."

Alicheka kidogo, akijifuta uso. Kisha akainuka akanionyesha kazi yake. Mpunga ulikuwa umepangwa juu ya ekseli na kusogea mbele kidogo, ngozi kando ya mpunga, ndizi na vikapu nyuma. Alikuwa amejaribu, anasogeza gunia, anakwenda kunyanyua ule mkono, anarudi anasogeza jingine.

"Kiasi gani?" akaniuliza. "Mbele kiwe kizito kiasi gani?"

Nikamwambia nijuavyo. Mkono ule ukiruka wenyewe, nyuma ni nzito, hiyo ni mauti. Wakihitajika watu wawili kuunyanyua, mbele ni nzito kupita kiasi, inalivunja gari mgongo na usukani unaelea. Lakini mtu mmoja mzima akiunyanyua kwa kukaza meno, hapo ndipo. Mzee akainama, akaushika kwa mikono miwili, akaunyanyua, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Nakaza meno," alisema.

"Basi hapo ndipo, baba."

Tukaifunga, tukaenda Malindi, na trela ikafuata nyuma imetulia. Tajiri wangu alipopata habari kwamba mzigo wake ulilala uwandani alinitukana mbele ya watu wa sokoni, na mimi nilisimama nikamsikiliza mpaka akamaliza, maana sikuwa na nguvu ya kukasirika. Siku chache baada ya mimi na mzee kurudi Garsen mvua ikaanza. Mzee akapanda mtumbwi wake, akasema, "Mkwe, nitakuja," akaniambia mimi, na akaanza kusukuma pondo kupanda juu.

Mvua ya mwaka ule haikuisha. Mto ulitoka kingo, mashamba yakawa maji matupu, barabara ikafa. Hakuna gari lililotoka wala kuingia. Mke wangu yuko Malindi na tumbo lake, mimi niko huku na gari lililofunikwa turubai, na kati yetu tope. Kila aliyefika kwa miguu nilimuuliza. Hakuna aliyejua. Usiku ulikuwa mrefu, mchana pia. Nilifika mahali nikaacha kuuliza, kwa kuogopa kwamba siku moja mtu atanijibu.

Ardhi ilipokauka vya kutosha tajiri alinituma nikachukue sukari, mafuta ya taa na majora ya nguo. Nilifika kwanza nyumbani kwa shangazi kuuliza habari, nikazima gari, na sikushuka. Nilikaa nimeshika usukani. Mlango ulikuwa wazi nami siwezi kuutazama.

Shangazi akatoka na upawa mkononi. "Ala! Shuka, wewe! Mwanamume mzima unaogopa mlango?"

"Vipi, shangazi?" nikanong'ona.

"Vipi nini? Nenda kamwone mwanao, ana sauti kukushinda wewe."

Alikuwa wa kike. Alikuwa na vidole virefu vya babu yake. Mke wangu alikuwa amekonda, lakini alikuwa amekaa, anakula wali, na aliponiona alilia, nami nikalia, na shangazi akatuambia tunamwogopesha mtoto.

Siku ya kurudi, mke wangu alikaa nyuma na mtoto kifuani. Kabla sijawasha gari akauliza, "Umepakiaje?"

"Sukari juu ya ekseli, imesogea mbele. Nguo nyuma."

"Haya, twende," akasema, na akafumba macho.

Tulikwenda kutwa nzima. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi nilipoona paa za Garsen. Pale njia inaposhuka kwenda pantoni alikuwa amesimama mtu mrefu, mkavu, peke yake. Watu waliniambia baadaye kwamba mzee alikuwa ameshuka kutoka Kinakomba mara tu aliposikia njia imefunguka, na kila siku alikuwa akisimama pale tangu asubuhi, hataki hata kuitwa kula.

Nikasimamisha gari. Nilidhani atakimbilia dirishani. Hakukimbilia. Alipita upande wetu akatazama ndani mara moja, haraka, akaona binti yake na kile kilichofungwa leso, kisha akaendelea kwenda nyuma. Mke wangu akashangaa. "Baba anakwenda wapi?" Nilimtazama kwenye kioo. Alinionyesha ishara ya mkono nishuke nitoe pini, nikashuka nikaitoa. Mzee akainama, akaushika mkono wa trela kwa mikono miwili, akaunyanyua. Akakaza meno. Akaurudisha chini polepole, akapangusa viganja vyake kwenye shuka.

Ndipo akaja dirishani, akanyoosha mikono, na mke wangu akampa mtoto.

Mimi nikarudi kwenye kiti changu, nikaweka kichwa juu ya usukani, nikalala.